Fainali Kabla ya Bibi Harusi

Bi Umaima alifika harusini siku mbili kabla ya harusi yenyewe, tena alifika amevaa. Na si kuvaa kwa mchezo: rida mpya, vazi la wanawake wa Kibohora, ya rangi ya zambarau iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu, bangili zimempanda mpaka karibu na kiwiko, na harufu ya udi iliyomtangulia kichochoroni hata paka wa kizingitini wakaamka kutazama. Nyuma yake alikuja mjukuu wake Razia, msichana wa miaka kumi na sita, amebeba sinia la zawadi kwa mikono miwili huku akinung'unika.

"Dadi," alimwita bibi yake, "mbona sioni watu?"

"Tumewahi. Wewe huwajui wanawake wa Mji wa Kale kwa kuchelewa?"

Walipobisha na kuingia kwa Bi Mwanakuu, walikuta wanawake wanne wamekaa mkekani, wamejifunga leso za kazi, wanachagua mchele. Bi Mwanakuu mwenyewe alikuwa miguu mitupu, kichwani amejizungushia kitambaa kikuukuu, ungo mapajani. Akainua macho. Akamtazama shoga yake kutoka utosini hadi viatuni, kisha akarudi juu tena taratibu.

"Shoga, wenda wapi na mapambo yote hayo?"

"Si kwenye kupamba kwa mjukuu wako Swabra? Nimesema nikupitie hapa twende pamoja kiwanjani."

"Kupamba kwa Swabra ni Jumamosi."

"Si uliniambia ishirini Mfungo Mosi?"

"Ndiyo. Ishirini ni Jumamosi."

"Leo ndiyo ishirini, Mwanakuu."

"Leo kumi na nane, bibi wee!"

Mmoja wa wale wachagua mchele akapasuka kwa kicheko, na wenzake wakamfuata, punje zikamwagika mkekani. Maana kila mtu pale alielewa mara moja. Bi Umaima ni Mbohora, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, na Mabohora miezi yao ya Kiislamu, kama Mfungo Mosi huu unaofuata Ramadhani, huhesabiwa kwenye kalenda miaka mingi mbele. Hawangoji mtu apande juu ya nyumba kutafuta mwezi. Bi Mwanakuu na jamaa zake, mwezi usipoonekana hakuna mwezi. Kila mwaka Bi Umaima huja na sahani ya Idd akamkuta shoga yake angali na kiu ya Ramadhani, na kila mwaka hutaniana kwa hilo mpaka mbavu ziwaume. Na mwaka huu, mwanamke mzima wa miaka sitini na minane, alikwenda akaiangalia kalenda ya ukutani jikoni kwake na kuiamini.

"Kadi ungepewa ungeona tarehe ya Kizungu," alisema mwenye kucheka sana, akifuta machozi. "Lakini wewe ni mwenyeji, si mgeni. Mwenyeji apewa kadi ya nini?"

Bi Umaima naye alikuwa amekwisha kuanza kucheka. Halafu kicheko kikakatika. Akalishika sinia mikononi mwa Razia kama mtu anayetafuta pa kujiegemeza.

"Jumamosi," alisema. "Mwanakuu, Jumamosi ni fainali."

Mikono ikaacha mchele.

Kiwanja cha tenisi kile cha klabu, upande wa Mbaraki, ni kimoja tu. Bi Umaima ndiye aliyekwenda kumwombea Bi Mwanakuu apewe siku ya kupamba, sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, na kwa mkono wake aliandikisha Alhamisi hii ya leo kwa harusi na Jumamosi kwa fainali ya wasichana. Na fainali hii haikuwa ya kombe peke yake. Wenye malori ya bandarini walikuwa wanakitaka kiwanja kiwe maegesho, na mwenyekiti wa klabu, Bwana Benard, alikuwa amemwambia Bi Umaima neno moja wazi: nikija Jumamosi nikaona viti vimejaa, kiwanja kinabaki cha kina mama na vijana, nikaona vitupu, kikao cha Jumapili tunawapa watu wa malori.

Bi Mwanakuu aliweka ungo chini. "Nimealika mji mzima, Umaima. Wapambaji wanaanza Jumamosi asubuhi. Mjukuu wangu wa mwisho huyu. Sasa waniambia siku yake umewapa watu wa mpira?"

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Miaka hamsini wanijua! Miaka hamsini wewe washerehekea Idd yako mimi ningali nafunga, na hukujua?"

Bi Umaima alimwambia Razia aliache lile sinia, wakatoka. Kichochoroni, kijana muuza kahawa aliwasalimu akauliza harusi ya nani leo, na Razia akamjibu, "Si ya mtu yeyote."

* * *

Asubuhi ya Ijumaa Bi Umaima alikwenda ofisini kwa Bwana Benard, kule anakofanyia kazi yake ya kutoa mizigo ya watu bandarini. Alivaa rida ya kila siku na viatu vya raba, maana ndivyo avaavyo tangu zamani. Akina mama wa rika lake wanamjua hivyo: wenzake walipoolewa waliweka raketi chini, yeye aliitia yake katikati ya nguo za sanduku la harusi akaenda nayo kwa mume. Jumanne na Jumamosi, jua liwake au mvua inyeshe, yuko kiwanjani na mabinti za watu, akiwapigia mipira na kuwapigia kelele.

Bwana Benard hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti. Lakini chai iliyoletwa aliiagizia mgeni mwingine aliyekuwa akingoja, mwenye malori, mtu mnene wa tabasamu nyingi, na yeye Bi Umaima akaangalia vikombe vikimpita.

"Mama, kikao hakiwezi kusogezwa. Wajumbe wengine wanatoka mbali."

"Basi fainali tuisogeze Jumapili asubuhi, kabla ya kikao."

"Jumapili asubuhi wengi wetu tuko kanisani. Nani atakuja kutazama? Na mimi nilisema Jumamosi." Akapunguza sauti, sauti ile ambayo watu huzungumza nayo na wagonjwa. "Mama Umaima, kwa heshima zote. Umefanya kazi kubwa sana. Hakuna mtu anakataa. Sasa si upumzike? Umri huu ni wa kukaa na wajukuu."

"Mjukuu wangu ndiye anayecheza fainali," alisema Bi Umaima. "Nikikaa naye nyumbani atacheza na nani, na babu yake?"

Mwenye malori akacheka, akapuliza chai yake. Bi Umaima aliinuka, akaaga kwa adabu zote, na alipofika chini kwenye ngazi akajiegemeza ukutani. Alilia kidogo. Aliona uchungu, na pia aliona haya, na kiu ya chai ilikuwa inamsumbua, na hakujua ni lipi kati ya hayo lililoyatoa machozi.

* * *

Mchana nyumbani waliketi watatu kuzunguka sinia kubwa la chakula, kama kawaida yao: Bi Umaima, mumewe Mzee Taizoon, na Razia. Wakaonja chumvi, kama wafanyavyo Mabohora kabla ya kula, ndipo Mzee Taizoon akaanza wali. Yeye huuza misumari, vitasa na rangi za nyumba, na ana tabia ya kusema mambo ya dukani hata kama nyumba inaungua.

"Leo kaja mtu ataka kitasa cha mlango wa chooni, nimwekee mpaka Jumatatu. Namuuliza kwa nini Jumatatu, asema fundi wake yuko kwenye harusi ya Mwanakuu."

"Dadi," alisema Razia, "mimi naweza kujitoa. Rosebella apewe kombe. Pasiwe na ugomvi."

"Nyamaza ule."

"Lakini kiwanja..."

"Nimesema ule, Razia!"

Razia akainamisha kichwa. Rosebella, mpinzani wake wa fainali, ndiye pia rafiki yake kipenzi. Baba yake Rosebella, Joab, ni fundi wa injini za reli, na wale wasichana wawili walijifunza pamoja kushika raketi wangali wanang'oka meno ya utotoni. Kiwanja kikienda, hakuna kingine. Vya hotelini si vyao, na hakuna mzazi wa mtaa wao wa Bondeni atakayemruhusu binti yake kwenda kucheza mbele ya watalii waliovaa chupi.

Mzee Taizoon aliendelea na yake. "Na viti je? Nimetaka kukodi viti sita tu vya mkutano wa wenye maduka. Hakuna! Niliyempigia asema viti vya kisiwa kizima viko kwenye harusi ya Mwanakuu. Wanawake wa kisiwa kizima wako kwenye harusi ya Mwanakuu. Hata yule mke wa mwenyekiti wenu, yule Janet, nimemsikia duka la jirani akiulizia viatu vya harusi ya Mwanakuu. Sasa sisi wengine tukae chini?"

Mkono wa Bi Umaima ulisimama njiani, tonge halijafika mdomoni.

"Rudia hapo."

"Nirudie nini? Kitasa?"

"Viti, Taizoon! Viti!"

"Nimesema vyote vinakwenda kiwanjani kwenu. Mbona wanitolea macho?"

Bi Umaima alilirudisha tonge siniani, jambo ambalo katika nyumba ile halifanywi, akamshika mumewe kichwa na kumbusu kipajini mbele ya mjukuu. Mzee Taizoon akabaki na wali mdomoni, akiwa hajui kosa wala wema aliotenda.

* * *

Bi Mwanakuu alimweka Bi Umaima mlangoni. Alimwona, akaitikia salamu, kisha akakumbuka ana shughuli na pilau, halafu na mshonaji, halafu na mtu wa maua. Wanawake waliokuwa wakipitapita na vyungu walimpita Bi Umaima kwa kupinda pinda. Hakukaribishwa kikombe, na kwa Bi Mwanakuu kutokaribishwa kikombe ni kutukanwa. Alikaa pale barazani mpaka adhana ya alasiri, na hakuondoka.

"Ungali hapa?" Bi Mwanakuu alitokeza kichwa hatimaye.

"Ningali. Nimekuja kusema nimekosa. Na nikisha kusema hivyo, nina jambo."

"Jambo gani tena? Wataka kuipangia siku na fungate?"

Mtu akachekea ndani. Bi Umaima naye akatabasamu, na hapo ndipo baridi ilipoanza kupungua.

"Sikiza. Wapambaji wako wakifunga mapazia kiwanja kizima, wanaume hawaoni ndani. Sivyo? Basi mapazia yafungwe asubuhi, jukwaa lijengwe, viti vipangwe kandokando. Zulia tu lisubiri. Alasiri wasichana wacheze fainali yao hapo katikati, wageni wako wakae watazame. Wakimaliza, zulia latandikwa, magharibi yaingia, na Swabra aja kukaa jukwaani. Mimi napata viti vyangu vimejaa. Wewe wapata harusi ambayo hapa haijawahi kuonekana."

"Mimi harusi yangu iwe kiingilio cha mpira?"

"Mpira uwe kiingilio cha harusi yako."

Bi Mwanakuu akakaa. Alikuwa ameupenda mchezo ule naye. Walicheza wawili upande mmoja miaka mingi, yeye wavuni na Umaima nyuma, mpaka goti lake la kulia likamkatalia. Alilisugua goti hilo sasa, kama mtu anayelishauri.

"Wageni wangu kadi zasema saa mbili usiku," alisema. "Maana yake saa nne. Alasiri utacheza mbele ya viti na kunguru."

"Wanaweza kuitwa."

"Na nani?"

Kupita mlango kwa mlango kualika ni kazi ya mabinti, au ya mwanamke anayepewa kitu kidogo. Mtu wa makamo yake, mke wa mwenye duka, hapigi hodi kama mjumbe.

"Utakwenda wewe," alisema Bi Mwanakuu, na mdomo wake ulianza kucheka ingawa macho yalikuwa makali. "Wewe kwa miguu yako. Waambie kupamba ni alasiri, na mlango ukifungwa umefungwa. Na wakikuuliza kwa nini saa zimebadilika, waambie kweli: ni kwa sababu Umaima hajui leo ni tarehe ngapi."

"Nitawaambia."

"Na mpira ukigusa ua moja tu la jukwaa la mjukuu wangu, raketi zenu nazitia jikoni."

"Zitie."

"Haya, njoo ndani unywe kahawa. Wanitia aibu kukaa nje hivyo."

* * *

Alikwenda kweli. Jioni ile na asubuhi iliyofuata, Bi Umaima alipiga hodi Mji wa Kale na Bondeni, Razia mkono wa kulia, Rosebella wa kushoto. Kila nyumba alisimulia kosa lake upya, na kila nyumba walicheka. Wengine walimwita mwanamke mwingine kutoka ghorofani aje asikie. "Ati alikwenda amevaa!" "Na bangili?" "Mpaka kiwikoni!" Nyumba ya tano alikuwa angali akiona haya, ya ishirini alikuwa akiigiza mwenyewe namna Bi Mwanakuu alivyomtazama kutoka utosini hadi viatuni, na Rosebella akishika ungo usiokuwepo.

"Lakini Mwalimu, watakuja?" Rosebella aliuliza walipopumzika.

"Wamecheka, mwanangu. Mtu akisha kukucheka hivyo hawezi kukosa kuja kukuona."

Jumamosi alasiri, mapazia mekundu na ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefungwa kuzunguka uzio mzima wa kiwanja. Jukwaa lilijaa maua. Wavu ulisimama katikati, na mistari Razia alikuwa ameipaka upya kwa rangi ya babu yake. Viti vilikuwa vingi ajabu, na kwenye viti vyote hivyo alikaa mtu mmoja: Bi Mwanakuu, mbele, na upepeo wake wa ukindu.

"Kunguru pia hawajafika," alisema.

Nje, langoni, palikuwa na matatizo mengine. Joab alikuwa amekuja na shati jeupe lililopigwa pasi, na mlinzi wa mlango, mwanamke mnene wa kwa Bi Mwanakuu, alimwonyesha benchi.

"Mwalimu," Joab alimwambia Bi Umaima, na uso wake ulikuwa umemshuka, "mtoto huyu nimemleta hapa kwa baiskeli tangu akiwa darasa la tatu. Jua, mvua. Leo ni fainali, nami nakaa nyuma ya pazia?"

Bi Umaima aliumia. Katika hesabu zake zote za viti, hili hakulihesabu. Hakuweza kumwingiza, ndani wanawake watavua mabuibui yao, na mwanamume mmoja akitia kichwa hakuna harusi wala fainali. Alimshika mkono.

"Joab, mimi ndiye mwamuzi. Kila pointi nitaitangaza kwa sauti uisikie. Hata moja haitakupita. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwalimu."

"Basi kaa hapo kwa Taizoon. Akianza habari za vitasa, mnyamazishe."

Bwana Benard naye alifika, koti mkononi, pamoja na mkewe Janet aliyekuwa amependeza kweli. Janet akapita ndani. Bwana Benard akazuiwa na yule mwanamke mnene.

"Mimi ndiye mwenyekiti wa klabu!"

"Hongera, baba. Benchi lile pale."

Akaenda kukaa. Mzee Taizoon akamsogezea sahani ya mahamri na kumkaribisha chai, na Bwana Benard, ambaye pengine alikumbuka kitu, aliinywa bila kuinua macho.

Saa kumi na robo walikuja wawili. Halafu sita. Halafu pakasikika kichochoro kizima cha viatu vya kisigino na vicheko, na wakamiminika, wake na mabinti na manyanya, yasmini vichwani, mabuibui yakivuliwa na kukunjwa, marangi kila upande. "Yuko wapi aliyekwenda amevaa?" Bi Umaima, juu ya kiti kirefu cha mwamuzi, aliinua mkono wenye bangili, na wakampigia vigelegele kabla mpira haujapigwa.

"Razia anaanza!" alipaza sauti kuelekea pazia. "Sifuri kwa sifuri!"

Mwanzoni wanawake walizungumza yao. Walitazama mpira kwa jicho moja na nguo za wenzao kwa jingine. Lakini Rosebella alikuwa na mkono mzito, na Razia alikuwa na miguu isiyochoka, na mipira ikaanza kurefuka, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka vichwa vyote vikawa vinageuka pamoja. Mtu akauliza kwa nini ile ilihesabiwa nje. Bi Mwanakuu akaeleza. Akaulizwa tena, akaeleza kwa sauti zaidi, kisha akaacha kueleza akaanza kufoka: "Wavuni, Razia! Nenda wavuni! Lo, mtoto huyu ana usingizi!"

"Thelathini kwa kumi na tano, Rosebella!" Bi Umaima alipiga ukelele.

Nje ya pazia Joab alikuwa amefumba macho, mikono magotini. Kila tangazo lilipokuja aliitikia kwa kichwa, na Mzee Taizoon, ambaye mjukuu wake ndiye aliyekuwa anafungwa, akampiga bega na kusema haidhuru, Razia atamfikia, ngoja uone. Bwana Benard alisimama mara mbili kutafuta tundu la kuchungulia, na mara mbili yule mwanamke mnene akakohoa.

Seti ya kwanza Rosebella, ya pili Razia. Ya tatu ikabanana. Jua lilishuka nyuma ya mapazia, na sauti ya Bi Umaima, iliyokuwa imetangaza kila pointi tangu saa kumi na nusu, ikaanza kukwaruza, halafu kupasuka. Alimeza mate, akasukuma tena. Alikuwa ameahidi. Mpira mmoja wa Razia uliruka juu ya wavu, juu ya mstari, ukaenda moja kwa moja jukwaani ukang'oa waridi kubwa la katikati. Kiwanja kizima kikavuta pumzi na kumtazama Bi Mwanakuu.

"Nje!" alisema Bi Mwanakuu. "Hesabu, Umaima! Wangoja nini?"

Hapo ndipo bibi harusi alipotoka. Swabra alikuwa amekwisha kupambwa katika chumba cha klabu. Mikono na miguu imejaa hina, dhahabu kifuani, kisutu cha hariri, ile leso ya maharusi, uso wa kumfanya mtu asahau alichokuwa akisema. Alikuwa amechoka kungoja. Alitokeza mlangoni na kusimama, somo wake, mwanamke aliyemfunda, nyuma akimshikia nguo isiburure. Hakuna aliyegeuka. Bibi harusi mzima, wa siku moja katika maisha yake, na migongo yote ya wanawake wa mji imemwelekea.

"Nyanya?" aliita.

"Subiri, mwanangu," alisema Bi Mwanakuu bila kumtazama. "Pamebaki pointi moja."

Swabra akainua kisutu chake, akajipenyeza mbele kati ya mashangazi. "Ya nani?"

"Ya Rosebella. Nyamaza!"

Rosebella akapiga. Razia akaurudisha. Ukaenda, ukarudi, ukaenda. Razia akakimbia mpaka kona, akaunyoosha mkono wote, mpira ukagusa wavu na kuangukia upande wake mwenyewe.

Bi Umaima alifungua mdomo kutangaza, na hakikutoka kitu. Sauti ilikuwa imekwisha. Akajaribu tena, upepo mtupu. Alitazama pazia, nyuma yake alikokaa Joab, na machozi yakamjaa; pointi zote amempa isipokuwa hii.

Bi Mwanakuu alimwona. Akachechemea mbele na goti lake bovu, akaiweka mikono mdomoni, akaitoa sauti ambayo zamani ilikuwa ikiwatisha wapinzani wavuni:

"Gemu, seti na mchezo! Ni Rosebella! Rosebella binti Joab!"

Vigelegele vikapaa. Na kutoka nje ya pazia, juu ya vigelegele vyote vile, ikasikika sauti ya mwanamume mmoja akipiga kelele kama aliyepandisha pepo, na sauti ya Mzee Taizoon ikimwambia, "Taratibu, bwana, utamwaga chai!" Razia aliruka wavu akamkumbatia rafiki yake, wote wawili wakilia na kucheka, na bibi harusi na hina yake akawafuata.

* * *

Adhana ya magharibi ilipoisha na zulia likiwa linatandikwa, Janet alitoka langoni, yasmini imemlegea, kiatu kimoja mkononi.

"Sasa," alisema Bwana Benard, "niambie ukweli. Mimi sijaona kitu. Nilisema nataka kuona viti vimejaa. Vilijaa?"

"Havikujaa."

Bi Umaima, aliyekuwa amekuja kumpongeza Joab na sasa hawezi kusema hata neno, alimgeukia.

"Hata kimoja hakikuwa na mtu," Janet alisema. "Tangu seti ya pili hakuna aliyekaa."

Mzee Taizoon alicheka mpaka akashika ukuta. Bwana Benard alijaribu kubaki na uso wa mwenyekiti. "Lakini wale ni wageni wa harusi. Nitawaambia nini wajumbe kesho?"

"Waambie malori yatafute pengine," alisema Janet. "Ukishindwa, nitakuja kuwaambia mimi. Na wenzangu wamo humu ndani, niwaite?"

Bwana Benard aliyatazama mapazia, akazisikiliza zile sauti nyuma yake, akavaa koti lake.

"Usiwaite," alisema. Kisha akamgeukia Bi Umaima, akainamisha kichwa kidogo. "Jumanne na Jumamosi, Mama. Kama kawaida."

Bi Umaima alitaka kumwambia mengi. Alichoweza ni kumtia hamri jingine mkononi.

* * *

Jumanne alifika kiwanjani mapema, shingo imefungwa kitambaa, mkononi chupa ya maji ya moto na asali, na akadhani ameikosea siku tena. Pale langoni walisimama wanawake kama kumi na watano na mabinti zao. Wengine walishika raketi za kuazima, mmoja alishika ubao wa kuchapia nguo. Janet alikuwa na viatu vipya vya raba vyeupe pepe. Mbele ya wote alisimama Bi Mwanakuu, na mkononi raketi ya mbao ambayo Bi Umaima hakuiona tangu nywele zao zingali nyeusi.

"Goti lako?" Bi Umaima alikwaruza.

"Goti litakaa wavuni. Wewe ndiye utakimbia." Bi Mwanakuu akamtazama kutoka utosini hadi viatuni, kama siku ile. "Lakini kwanza nihakikishe, shoga. Leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Kwa kalenda yako au kwa mwezi wangu?"

Bi Umaima alimrushia mpira, na Bi Mwanakuu akaudaka kwa mkono mmoja.

"Jumanne ni yetu sote," alisema Bi Umaima, na akafungua lango.